Nguzo Niliyotoa

Amongin mtoto wangu,

Huku kuku wametaga, na mimi bado ndio fundi namba moja kutoka Malaba mpaka Amukura.

Ile ramani ya gorofa ulinichorea nilifuata yote, isipokuwa nguzo moja ya katikati. Ilikuwa ikae pale pa chungu cha ajon. Sasa wazee wangezunguka pombe yao wapi na mirija? Nikaitoa. Usicheke, injinia.

Tangu Jumatatu mlango ya chini haifungi, na slabu imeshuka kama tumbo la padri. Trela ikipita, vumbi inatuangukia. Dada yako Brigid na watoto wanaishi juu. Leo nimewahamisha, nikawadanganya napaka rangi.

Njoo kesho, mama. Chungu nimeshatoa nje.

Baba yako,
Omagor