Maji Yaliyokwenda Kambi Nyingine

Mama yangu,

Shikamoo, na upokee salamu zangu kutoka Garissa, ambako jua la asubuhi tu lingekausha mboga zako zote za Wundanyi kabla hujazifunga mafungu. Mguu umepona? Usiniambie "naendelea tu", maana dada Mghoi hunieleza ukweli. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mzito, na nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kuniuliza kama nimekula.

Unamkumbuka Abdi, dereva aliyenipokea nilipofika huku, akanizoeza chai ya maziwa ya ngamia? Ndiye anayeendesha lori la maji la ofisi yetu upande wa Tarbaj. Ukame wa safari hii ni mbaya. Kambi za wafugaji huomba maji kwa simu, programu yetu inapanga, na dereva anaonyeshwa kwenye simu yake kambi ya kwenda. Mwezi uliopita Abdi alionyeshwa kambi moja ya mbali. Akaenda, akawajazia matangi, akarudi. Huku ofisini programu ikaandika kwamba maji yamefika kambi nyingine kabisa, kambi ya mama yake mzazi.

Kule kwa mama yake walingoja. Mbuzi walikufa, kisha ngamia wakaanza kulala wasiinuke. Walipopiga simu ofisini wakaambiwa, maji yenu yalifika, Abdi ndiye aliyeyaleta. Basi ikawa ameyauza. Alisimamishwa kazi, akalazwa ndani na polisi, na alipotoka ndugu zake hawakupokea simu zake. Mama yake alikuwa na homa, na kwa kiu ile hakudumu. Mara ya mwisho Abdi alipompigia, aliyeshika simu alimjibu kwamba mama anasema hana mtoto anayeuza maji. Akazikwa Abdi hayupo.

Nilikwenda kumwona. Hakunitazama usoni.

"Mwakio, wallahi mimi ilibeleka maji bale simu ilisema," aliniambia. "Watu nilikuta, walikuwa na kiu. Walishukuru. Sasa mimi ni mwizi?"

Ofisini kila mtu alisema programu haina kosa kwa kuwa haijawahi kukwama. Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Mama, programu ikitaka kuweka jambo huomba nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, na ikimaliza huirudisha ili itumiwe kwa jambo jingine. Mambo huharibika ikirudi kusoma pale ilipokwisha kuhama. Ni kama yule mpangaji wako wa chumba cha nyuma aliyehama na ufunguo, akarudi kuchukua sufuria yake akamkuta mke wa mtu anapika. Mlango ulimfungukia vizuri tu.

Kuna namna ya kuijenga programu ikiwa na mlinzi ndani yake. Nafasi ikisharudishwa, mlinzi huizungushia ua, na programu ikiigusa tena inapofanya kazi, anaisimamisha na kuonyesha mstari wenye kosa. Tulikuwa naye mlinzi huyo, ila mkubwa wetu aliamuru aondolewe kwa sababu alipunguza kasi.

Nikamrudisha. Nilituma maombi ya majaribio mpaka nikachoka, na yote yakapita salama. Halafu nikakumbuka jinsi wenyeji wa huku wanavyoishi: malisho yakiisha, hawangoji ruhusa ya mtu. Nikaomba maji kwa niaba ya kambi, na ombi likiwa bado linangoja, nikaihamisha kambi. Programu ikasimama palepale. Kambi ya mama yake Abdi ilikuwa imeomba maji, kisha ikatuma taarifa kwamba imesogea ng'ambo ya korongo. Nafasi yao ya zamani ikapewa kambi nyingine, na ombi lao likaenda kusoma humo. Aliyeandika programu hakuwaza kwamba nyumba inaweza kuhama wakati maji yake yako njiani.

Nililia, Mama. Sikujua kama ni kwa furaha au kwa hasira.

Mkubwa alibisha, kisha akaona kwa macho yake. Tulikwenda Tarbaj, akaeleza mwenyewe mbele ya wazee, na mmoja mmoja wakamshika Abdi mkono. Mjomba wake alimkumbatia. Abdi aliitikia wote kwa adabu. Tulipokuwa tukirudi kwenye gari akaniuliza, "Hiyo mlinzi yako ni kali. Lakini mama, nani ataambia yeye?" Tulipita kaburini. Alichutama akazungumza Kisomali kwa muda mrefu, na neno nililolitambua ni "programu". Nikajua anamweleza.

Amerudishiwa kazi. Sijui kama ataitaka.

Nisalimie dada Mghoi, na umwambie asante kwa kukusomea barua hii bila kuruka maneno. Msalimie pia mjomba wa kwenye kinu cha kusagia unga, na bibi jirani anayekuletea moto asubuhi. Nawe Mama, siku ukisikia neno baya juu yangu, hata likiletwa na mtu unayemwamini, nakuomba unipigie kwanza. Uniulize mimi.

Mwanao,
Mwakio