Mbuzi Walipokula Uzito wa Kasri

Faustini, mtani wangu,

Biashara imenawiri kupita ulivyoiacha. Sasa tuna makasri matatu ya upepo, ya watoto kurukia, gari letu wenyewe lenye maandishi ubavuni, na vijana wa kupuliza, wa kukunja na wa kufua. Mimi natembea na miwani ya jua. Waheshimiwa wananisimamisha barabarani, "Shikamoo Mzee Ndahani, mwanangu anatimiza mwaka, tutapata nafasi?" Nawaambia waje mwezi ujao.

Uongo mtupu. Najua hata huko uliko unacheka. Kasri ni lile lile moja, wekundu wake umepauka kwa jua, na mnara mmoja unainama kama mlevi anayetafuta ufunguo. Gari hakuna. Vijana hakuna, ni mimi na goti langu. Miwani ninayo, ila ya kusomea, na kioo kimoja kimepasuka. Sikutaka kuanza na habari mbaya, ndiyo maana.

Kwanza nikuulize: mazishi uliyaonaje? Maana kazi yangu niliifanya. Walipotaka kukushusha, niliingia kaburini mimi, nikalala chali, nikasema Mhehe huyu haingii mpaka nilipwe jogoo, kwa sababu ametumalizia mbwa Dodoma nzima kwa kuwala. Wale majirani zenu watumishi wa serikali, waliohamia juzi, wakashika vichwa. Mmoja akauliza kama huyu mzee ana ndugu wa kumpeleka hospitali. Lakini watu wenu wa Iringa wanajua utani wa Mhehe na Mgogo. Wakanitupia jogoo, wakaniita ombaomba, na mkeo, katikati ya kilio, akacheka. Kidogo tu, kisha akarudi kulia. Mimi nilipotoka mle shimoni nilikwenda nyuma ya banda la kuku la jirani nikalilia huko. Mtani akionekana analia, kazi imeharibika.

Haya. Kasri.

Unakumbuka tulivyoanza? Umestaafu udereva wa malori, kiinua mgongo kinakuwasha mfukoni, ukaniita tukachungulie sherehe ya mkubwa mmoja juu ya ukuta. Watoto wanaruka ndani ya nyumba ya upepo, wazazi wanalipa. Ukaninong'oneza, "Ndahani, hawa wananunua upepo. Na upepo wa Dodoma nani anaulipia?" Nikakuamini. Ukawa unaongea kwa sauti ya chini, na mtu akiongea kwa sauti ya chini nadhani ana akili. Kiinua mgongo chako chote kikaingia humo, na mimi nikapeleka ng'ombe wawili mnadani Chemba. Ndugu zangu walinikalisha kikao. Mgogo gani anauza ng'ombe anunue puto? Kaka yangu mpaka leo hanijulii hali. Ananiuliza, "Puto limezaa?"

Halijazaa. Linakula tu, kuliko hata ng'ombe. Upepo wa bure! Kumbe upepo una bei kuliko nyama ya paja. Tukanunua kasri tukadhani tumemaliza, kumbe tumenunua tumbo. Mashine ya kupuliza peke yake. Jenereta, kwa sababu umeme hukatika keki inapoletwa. Petroli ya jenereta. Guta la magurudumu matatu la kubebea, na mwenye guta akiona mzigo ni wa sherehe anapandisha bei hapo hapo. Leseni. Gundi na viraka. Sabuni, maana mtoto akifurahi sana anakojoa, na huwezi kumwambia mteja wa kesho kwamba harufu hiyo ni ya furaha ya jana. Na mashemeji na mabinamu wanaotaka bure: "Si mnapuliza tu?"

Halafu miiba. Hili hakuna aliyetuambia. Aliyelishona kasri lile huko ng'ambo alifikiria watoto wanaokanyaga nyasi. Watoto wetu wanakanyaga miiba ya migunga tangu wajifunze kutembea, nyayo zao ngumu, mtoto anabeba mwiba siku nzima na hana habari. Sherehe yetu ya kwanza kasri lilianza kufoka kama nyoka, kila kona fss, fss, na kabla ya chakula mnara ulikuwa umelala juu ya sufuria la pilau. Ndipo ukaweka sheria: hakuna mtoto anayepanda kabla hajakaa kwenye kigoda akainua miguu, na mimi nikague. Nikawa mkaguzi wa nyayo, na kibanio changu cha kung'olea miiba. Nimeshika miguu ya watoto wa wakurugenzi na ya watoto wa wachunga mbuzi, na nakuambia mwiba haujui cheo.

Na wewe ulikaa pale kwenye mashine, mgongo umeegemea, kiganja kwenye ukuta wa kasri, unasikiliza. Likilegea kidogo ulijua kabla ya mtu yeyote. Nilikutania kwamba umeoa mke wa pili, tena mnene. Uliinua kidole tu, nyamaza, nasikiliza.

Sasa tangu uondoke nakagua nyayo peke yangu, na ukutani hakuna mtu.

Nifike kwenye lililonitoa usingizi. Mtaa wa Mkonze, nyumba mpya, mama mmoja mtumishi kutoka mikoa ya huko, mtoto wake wa kike anatimiza miaka sita. Unajua utaratibu wetu: tunakwenda na magunia matupu, tunayajaza mchanga pale pale, tunafunga kamba kila pembe, ili tusilipie guta kubeba mchanga mji mzima. Nafika, ua mzima umesakafiwa vitofali. Mchanga hata wa kuoshea sufuria hakuna. Yule mama, mtu mwema, akasema, "Babu, stoo kuna magunia yamejaa, chukua hayo." Nikayapiga kofi, yamejaa kweli. Nikafunga. Ilikuwa pumba, Faustini. Pumba za kuku. Ni nyepesi kuliko mchanga, lakini siku ilikuwa shwari, na gunia la pumba nalo ni gunia.

Geti likaachwa wazi kwa ajili ya wageni. Na Mkonze geti likiwa wazi, mgeni wa kwanza ni mbuzi.

Waliingia kwa upande wa nyuma, taratibu, kama watu waliochelewa misa. Mimi nimeinama mbele nashika miguu ya watoto. Wao huko wanatoboa magunia na kula. Walikula uzito wa kasri letu, wakala pembe mbili nzima, na hakuna aliyekuwa na kiganja ukutani. Kisha kikaja kisulisuli, kile cha vumbi jekundu unachokijua, kinachoruka ukuta bila kubisha hodi.

Pembe ikainuka. Watoto wakaporomokea upande wa pili wote kama maharage ungoni. Ila yule mwenye sherehe, mwenye gauni la njano, yeye alikwenda juu. Nilimwona juu ya ukuta wa kasri, hewani, miguu imeachana, nyayo zake safi nilizokagua mwenyewe. Sijui nilikimbiaje na goti hili. Aliniangukia tumboni, tukaanguka wote.

Akainuka, akatikisa gauni, akasema, "Babu, tena!"

Wageni walicheka. Mama yake hakucheka. Alimchukua, akampapasa kichwa, mikono, mbavu, halafu akaniangalia akasema polepole, "Babu, ungeniulia mtoto." Faustini, mimi nina maneno ya kila mtu. Nimemtania mchungaji, nimemtania mwenyekiti wa mtaa, nimekutania wewe ukiwa maiti. Pale nilizima mashine. Kasri likashuka taratibu, watoto wakalia, nikalikunja na mbuzi mmoja bado anatafuna.

Habari zikatembea. Simu ya kasri ikanyamaza. Mkeo akaniita, akaniwekea chai, akasema, "Shemeji, tuuze." Akaleta dalali wa mahindi kutoka Kibaigwa. Dalali akalipapasa kitambaa kama mtu anayepapasa nyonga ya mbuzi mnadani, akasema, "Hili zuri. Tukilichana, litafunika magunia ya mahindi mvua ikija." Litafunika mahindi! Minara, kiinua mgongo chako, ng'ombe wangu wawili, liwe turubai. Shemeji aliangalia chini. Najua anaishi kwa hilo kasri, na najua turubai linauzwa mara moja tu. Lakini nilimwelewa. Na mimi usiku namwona yule mtoto hewani, na mara nyingine haniangukii.

Nikamwomba Jumamosi moja. Kuna Mama Zarina, yule Mhindi wa duka la vifaa anayetuuzia gundi, mjukuu wake ana sherehe. Amesikia ya Mkonze, na bado anataka. Aliniambia, "Ndahani, miaka yote nakuuzia gundi, nataka nione inafanya nini. Lakini mjukuu wangu akiruka ukuta, na wewe utaruka ukuta." Kiwanja chake ni cha udongo, kigumu kama sakafu. Kwa hiyo nimechongesha vigingi vya nondo kwa fundi wa kuchomelea, virefu, tufungie kamba badala ya magunia. Jogoo wenu wa Iringa ndiye aliyemlipa, na mitetea miwili ya shemeji. Ijumaa jioni tutamwagia maji pale pa kugongea, udongo ulale umelowa, asubuhi chuma kiingie. Maji yenyewe ya kununua. Hata kulowesha ardhi kuna bei.

Na ukutani tumepata mtu. Jana tulilipuliza uani kulijaribu. Shemeji akavuta kigoda chako, akaweka kiganja pale pale ulipokuwa unaweka. Akainamisha sikio, mashine inanguruma. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa anasikiliza? Mimi miaka yote nilidhani anasinzia." Nikajifanya mwiba umeniingia, nikainama.

Jumamosi ikienda vizuri, Mama Zarina ana mdomo, mji mzima utajua. Isipokwenda, Jumatatu dalali anakuja na kisu.

Basi nakuahidi hili. Nimefunga kitambaa cha kupimia upepo juu ya mti, pale kwa Mama Zarina. Kikinyooka tu, nashusha watoto wote kwanza, kisha nazima, hata kama keki haijakatwa, hata Mama Zarina akinirushia sambusa, hata kama kwa kuzima huko tutalikosa kasri. Turubai ni kitambaa. Yule wa gauni la njano ni mtoto wa mtu.

Lala salama, Mhehe. Mbwa wa mtaani wamenenepa tangu uondoke, wanakusalimia.

Ila kuna jambo moja nakudai. Desturi ni kwamba mtani humzika mtani, na wewe umetangulia kwa ujanja, zamu yako hutaifanya. Siku yangu watanizika kimya kama katibu wa mkutano. Kwa hiyo nilipe sasa. Sitaki makubwa. Jumamosi, wakati wa sherehe, nishikie upepo. Si wote, ule wa kutoka mlimani tu. Ushike mpaka mtoto wa mwisho amevaa viatu.

Mtani wako,
Ndahani