Mama Alidhani Ni Kahawa

Jumapili jioni, Bukoba. Mvua imeanza alasiri na haina dalili ya kukatika. Nimefagia chumba ambacho nilishakifagia. Nimechemsha chai, nikaisahau, ikapoa, nikaimwaga. Nikikaa, kiti kinanichoma. Nikisimama, sijui naenda wapi.

Kesho asubuhi wanataka jibu langu.

Acha niandike, labda nitapumua. Kazi yangu ni kuonja kahawa. Kampuni inapotaka kununua kahawa ya wakulima, mimi ndiye ninayevuta kijiko mdomoni, nasikilizia, natema, halafu nasema hii nzuri, hii ilianikwa vibaya. Mama yangu analima kahawa hiyohiyo kwenye kibanja chetu huko Nshamba, chini ya migomba, na mpaka leo hajanielewa. "Yaani Koku, umesomeshwa miaka yote ile uje uteme kahawa?" Huwa anacheka mpaka anashika mbavu, lakini swali lenyewe analimaanisha.

Sasa kuna wanunuzi wa China wanaonitaka nikaonje huko kwao. Miaka miwili. Naitaka hiyo kazi, sina haja ya kujidanganya. Naitaka mpaka usingizi unakatika. Ila baba tulimzika mwaka jana, mimi ni mtoto pekee, na Mama amebaki na kibanja kizima mikononi. Wiki kadhaa nimekaa na habari hii tumboni bila kumwambia.

Mwoga mimi. Niandike hivyohivyo.

Basi nikajiona nina akili: nimlete mjini, nimpeleke akale Kichina. Kuna mgahawa karibu na ziwa, umefunguliwa na dada mmoja wa hukohuko China, Kiswahili anakiokotaokota lakini anaelewana na watu wote. Nilijiambia Mama akikipenda chakula chao, hata nchi yenyewe haitamtisha. Sisi waonjaji hatutakiwi kula pilipili, na pilipili ya yule dada haina mzaha, kazini wakisikia watanisema wiki nzima. Leo sikujali. Shida yangu haikuwa ulimi.

Alikuja jana akalala kwangu. Leo tulisali misa ya kwanza, tukaenda kutembeatembea, mchana tukaingia mgahawani. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Akachagua kiti, akakikagua, akakaa. Mezani palikuwa na kisahani chenye punje kavu za kahawia, zimepasuka kidogo. Mimi nazijua. Ni pilipili ya kwao, ile inayotia ganzi, na yule dada huwa anaiacha mezani wateja wajiongezee. Nikageuka kusoma bei ukutani.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mgeni akiingia, kabla ya chakula, kabla hata ya habari ndefu, anapewa kahawa kavu ya kutafuna. Tunaiita akamwani. Inaletwa kwenye kikapu kidogo na anayekibeba ni mtoto wa nyumba. Mgeni akichukua akatafuna, basi amepokelewa. Mimi nimekibeba kikapu hicho tangu utotoni, kwa mapadre, kwa wajomba, kwa watu waliokuja kumzika baba. Sisi wenye nyumba hatuletewi kikapu. Ukiitamani unakwenda jikoni unajichotea.

Mama alipokiona kile kisahani, uso ulimchanua. "Kumbe na wao wanajua kupokea mgeni!"

Nilipogeuka alikuwa ameshachota konzi, ameshatupia mdomoni, na anatafuna kwa heshima zote.

Macho yakamtoka.

"Mama, tema!" nikasema. Yule dada naye akaja mbio na karatasi za kujifutia. "Hapana mama! Hiyo pilipili! Tema, tema!" Mama akatikisa kichwa. Ateme alichopewa na mwenyeji, tena mwenyeji amesimama anamwangalia? Piga ua. Alitafuna, akameza, machozi yakimtiririka, kisha akataka kushukuru, ikatoka "athante".

Jamani nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikalaza kichwa mezani. Yule dada akaleta wali mweupe na maziwa, huku anaomba radhi kwa lugha mbili. Mama akawa anajigusa midomo kwa kidole, anahakikisha kama bado ipo. Kuongea hawezi. Mama yangu, ambaye hajawahi kuniacha nimalize sentensi.

Nikaona nafasi, nikaitumia.

Ndiyo. Nilingoja mama yangu afe ganzi mdomo ndipo nikamwambia. Nilisema yote bila kituo: China, miaka miwili, jibu ni kesho, kibanja nani atapalilia, baba kaburini, mimi naitaka hii kazi Mama, naitaka kweli. Samaki wa pilipili niliyeagiza akapoa katikati yetu. Alikuwa ananitazama tu. Nilipomaliza alivuta sahani ya wali akala taratibu mpaka ikaisha, na mimi nikashindwa kujua kama hawezi kujibu au hataki.

Stendi alinirekebisha kola ya blauzi, akaingia kwenye gari la Muleba kurudi Nshamba. Nikarudi nyumbani na roho juu. Nikaanza kufagia.

Amepiga simu sasa hivi, kabla sijaanza kuandika aya hii.

"Nimefika," akasema.

"Midomo je?"

"Midomo ilirudi zamani. Tulikuwa bado kwa yule Mchina."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Nilikuwa na hasira, Koku. Nikaona nikifungua mdomo pale nitakuvunja moyo mbele ya watu. Nikaamua nile wali." Nikasikia mvua ya huko nyumbani inapiga bati kama ya huku. "Kibanja usikifanye sababu. Nilikipalilia na mimba yako tumboni, nitakipalilia."

"Mama, bado sijawajibu."

"Utawajibu. Jumamosi njoo nyumbani. Nitakutolea kahawa."

"Nitajichotea mwenyewe jikoni, Mama."

"Hapana," akasema. "Nitakuletea kwenye kikapu. Nitakibeba mimi."

Akakata.

Nimelia, halafu nimekasirika, halafu nimelia tena. Ameniruhusu, hilo nimelielewa, na najua limemgharimu. Kesho nitawaambia ndiyo. Lakini tangu nizaliwe sijawahi kuletewa kikapu nyumbani kwetu. Anayeletewa ni anayekuja na kuondoka. Sijui kama alisema vile kwa upendo au ile hasira bado imo, na sidhani kama yeye mwenyewe anajua.

Mvua haijakatika. Nimesimama tena, naandika kwenye simu huku nazunguka meza.

Nyumbani kiti cha wageni kiko palepale mkabala na mlango, cha mbao, na mimi ndiye niliyekuwa nakifuta vumbi kila Jumamosi. Mama akitokea jikoni amebeba kile kikapu, nitaweza kukaa kwenye kiti hicho?