Jani la Isale Mlangoni pa Kanisa

Tengeru, Jumapili

Dada Ndeshi,

Hujambo? Mama mpe shikamoo yangu. Huku kiangazi hakiishi, na mahubiri ndiyo kabisa. Leo mwinjilisti, mwenye kofia kama ya Bwana Shauri wa serikali, ametuhubiria mpaka njaa ikatuuma: mfuasi wa Kristo akipigwa shavu, ageuze la pili. Tulipotoka tu, wazee wawili wa kanisa, mabingwa wa kuitikia "Amina", wakashikana mashati kugombea zamu ya maji ya mfereji. Mmoja akainua panga la kufyekea nyasi za kanisa. Mwinjilisti wetu? Alikimbilia ndani, akafunga mlango!

Bibi mmoja ambaye hata hajabatizwa akachuma jani la isale kwa jirani, akasimama katikati yao, akamnyooshea mwenye panga. Unajua kwetu, ukiombwa amani kwa isale hukatai. Panga likashuka, wakapeana mikono.

Ndipo mlango ukafunguliwa. "Mama, upagani huo unauleta kanisani?" mwinjilisti akafoka.

"Sikuuingiza kanisani, mwanangu," bibi akamjibu. "Ulikuwa umefunga mlango."

Nimekukumbuka sana, dada. Wainjilisti wakija kukuambia ung'oe isale la uani, wakatalie.

Mdogo wako,
Elikunda