Vigingi vya Masanja

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Treni imechelewa tena. Vitumbua vimepoa kwenye beseni, nimevipasha mara mbili. Niko nachochea moto, wakaja vijana wa halmashauri na kopo la rangi. Wakapiga X nyekundu ukutani, kubwa, imeingia mpaka kwenye dirisha. Hawakusalimia. Nikawaambia salamu hainunuliwi kama rangi. Mmoja akaona haya, akanunua vitumbua.

Mtaa wote unaondoka, kuanzia sokoni hadi stendi. Barabara itapanuliwa, soko litajengwa jipya. Majirani wanalia. Mimi sina chozi. Nyumba hii marehemu mume wangu aliijenga kwa udongo tulipohamia huku na kazi yake ya reli. Tangu afe, mwenye nyumba ni mchwa. Kila mwaka tunaambiwa itabomolewa, haibomolewi, na kukarabati huruhusiwi. Leo wamepiga rangi. Alhamdulillahi.

Kinachonisumbua ni Zuhura. Ndiye binti yangu pekee, na atajifungua mwishoni mwa Novemba. Mume wake yuko Ikola, ziwani, kwenye dagaa, anakuja anapokuja. Tumepewa kiwanja Misunkumilo, nje ya mji, na sharti lake ni moja: nyumba iwe imeezekwa kabla mvua hazijaanza, la sivyo anapewa mwingine. Huku nako katapila linakuja. Sasa huyo mtoto azaliwe wapi? Nawaza hilo tu, mengine nitayabeba.

Ijumaa, 9 Agosti

Bwana ardhi wa halmashauri ametuonyesha kiwanja. Vigingi vinne vya mbao, vimepakwa chokaa kichwani. Nyasi tupu na mashamba ya watu. Hewa nzuri. Zuhura kasema ni mbali na sokoni. Nikamwambia soko lenyewe halipo.

Jirani wa upande wa kulia ni Msukuma, anaitwa Masanja. Kaja na ng'ombe na mama yake, bibi mzee sana. Akaniuliza kabila. Nikasema Mzaramo. Akapiga makofi, akawaita wadogo zake waje waone. "Mzaramo kapewa ardhi! Kesho anaiuza, anakodi ngoma." Nikamuuliza yeye analala chumba kimoja na ng'ombe, au ng'ombe wamekataa. Akakaa chini kwa kucheka.

Toka wazee wetu, sisi na wao ni watani. Mtani hakasiriki. Miaka yote niliyokaa Mpanda, nimezungukwa na watu wa kuwaheshimu tu. Nimerudi mjini njiani nacheka peke yangu.

Jumanne, 27 Agosti

Nimechoka, kiuno kinauma. Mama yake Masanja amefariki, tumezika jana. Nilikwenda toka asubuhi, maana kazi za msiba ni za watani. Nimechota maji, nimesonga ugali, nimewatania wafiwa. Nilijifunga kitenge cha marehemu, nikashika fimbo yake, nikatembea nimepinda mgongo namfokea Masanja: "Wewe, ndama umewanywesha, mimi chai yangu iko wapi?" Akacheka huku machozi yanamtoka. Ndivyo inavyotakiwa.

Kuni zikaisha. Nyuma ya boma lake nikaona vigingi, vyeusi kwa matope na mavi ya ng'ombe, ndama wamefungwa hapo. Nikafungua ndama, nikang'oa vigingi vyote, nikavitia motoni mbele za watu. Nikasema marehemu anasikia baridi, ndama watajifunga wenyewe. Watu walicheka sana. Masanja akasema Wazaramo watakula mpaka boma. Nilijisikia mtu.

Jumamosi, 14 Septemba

Msingi umeanza. Fundi ni Gervas, Mfipa mmoja mpole, neno moja asubuhi na moja jioni. Hilo la asubuhi leo lilikuwa: "Mama, vigingi viko viwili."

Kweli. Vya kushoto vipo, vya upande wa Masanja havipo. Gervas akashauri tumngoje bwana ardhi. Nikamwambia bwana ardhi ukimngoja unaota mvi. Masanja mwenyewe hayupo, kapeleka ng'ombe Magamba kwenye malisho. Nikamwonyesha Gervas kwa mkono: kuanzia hapa mpaka kwenye ule mchongoma. Akanitazama. Akafunga kamba.

Jumatatu, 30 Septemba

Kuta zimefika kwenye linta. Matofali ya kuchoma, mekundu, yamenyooka. Naenda kuzigusa kila jioni. Nikisema sina furaha nitakuwa mwongo.

Nimeongeza chumba cha pembeni, upande wa kulia. Cha Zuhura na mtoto. Gervas alisema nyumba inatosha. Nikasema haitoshi. Nataka mzazi awe na mlango wake na dirisha lake, asipate moshi wa vitumbua vyangu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumeezeka. Bati nilizonunua kwa fidia ya nyumba ya mjini, zilizokaa uvunguni mwa kitanda muda wote huo, leo ziko juu. Jua limewaka pale mpaka macho yanauma. Zuhura kachapa usingizi mkekani ndani ya chumba chake, bado hakina hata mlango. Nimemwacha. Bado sakafu na milango tu.

Jumatano, 16 Oktoba

Siku mbaya.

Bwana ardhi amekuja na kamba yake ya kupimia. Akapima, akarudia, akavua kofia. Chumba cha pembeni chote kimo ndani ya kiwanja cha Masanja. Chote. Akauliza vigingi vilikwenda wapi. Nikasema labda ndama. Mdogo wake Masanja, Shija, alikuwa ameegemea ukuta wangu anatafuna mua. Akasema, "Si ulivichoma mwenyewe msibani, mama?"

Masanja alikuwa amefungia ndama kwenye vigingi vya serikali, nami nimeving'oa nikidhani ni vyake. Nimepikia ugali mpaka wa kiwanja changu. Mtu mzima mimi.

Uamuzi: mwenye kiwanja akubali mbele ya balozi wa nyumba kumi kwamba mpaka usogezwe. Asipokubali, chumba kinavunjwa. Na paa ni moja. Ukivunja chumba, nyumba nzima inabaki wazi, na mawingu haya hapa. Nyumba isiyo na paa kwenye mvua, na kiwanja kinakwenda. Amempa Masanja mpaka Jumapili ya wiki ijayo. Masanja yuko Magamba.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimetuma mtu Magamba.

Katapila limeanza upande wa sokoni. Vumbi linaingia kwenye unga. Nyumba ya muuza nyama imekwenda asubuhi, ya mshona viatu mchana. Wiki mbili, labda chini ya hapo, linafika kwetu.

Nilimfuata Shija nikamwomba aniombee kwa kaka yake. Akanijibu kwa adabu, hapo ndipo nilipoogopa. Alisema, "Utani una mwisho wake, mama. Ardhi haina utani." Mtani akianza kukuita mama kwa adabu, ujue umeharibikiwa.

Miguu ya Zuhura imevimba. Sijamwambia yote. Anajua yote.

Jumanne, 22 Oktoba

Hakuna jibu. Ngurumo upande wa ziwa.

Nina hasira na Masanja kwa kufunga ndama pale. Halafu nina hasira na mdomo wangu. Halafu na mikono. Gervas kasema chumba anaweza kukivunja kwa nusu siku. Nikamjibu vibaya, maskini, hakuwa na kosa. Vitumbua vya leo vimeungua na nimeviuza hivyo hivyo.

Ninaogopa. Sijaogopa hivi toka siku walipomleta mume wangu kwenye toroli la reli. Wakati ule nilikuwa na nyumba.

Jumapili, 27 Oktoba

Ngoja niandike pole pole.

Masanja karudi jana jioni. Asubuhi tukakaa uwanjani kwangu: balozi, bwana ardhi, Gervas, Shija na ndugu zake. Masanja kafika amevaa koti kwenye joto hili, hacheki. Kanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mama." Mama. Nikajua imekwisha.

Akasimama, akazunguka chumba kile. Akagonga ukuta kwa fimbo. Akachungulia ndani, akamkuta Zuhura amekaa juu ya ndoo, tumbo mbele. Akatoka. Kisha akauliza watu wote: msibani kwa mama yake, nani alikuwa mtani? Wakasema mimi. Nani alivaa nguo za marehemu? Mimi. Na mtani akichukua kitu msibani, hata jogoo, hata jembe, mfiwa anakidai?

Wazee wakasema hakidaiwi.

"Basi huyu alichukua vigingi," Masanja akasema. "Kumbe vigingi vilikuwa vimeshika ardhi. Nimdai vipi? Nimfufue mama nimuulize?"

Shija akataka kusema kitu kuhusu ardhi. Masanja akamkata. Akasema yeye mwenyewe alionywa asifunge ndama pale, akafunga, kwa hiyo kama ni faini waanze na yeye. Bwana ardhi akaangalia pembeni, nadhani alikuwa anacheka.

Kisha Masanja akanigeukia, koti limefungwa mpaka shingoni. "Lakini sikiliza, Mzaramo. Siku ukifa, mimi ndiye wa kwanza kufika. Bati zote hizo ni zangu. Nitapanda juu huku maiti yako iko ndani."

Nikamwambia apande, akianguka tutazikwa pamoja, na mimi sitaki kulala karibu na mtu anayenuka maziwa. Watu wakaangua kicheko. Balozi akaandika, Masanja akatia dole gumba. Bwana ardhi kapigilia vigingi vipya, vya chuma safari hii, akamwambia Masanja akiona ndama hapo atamfunga Masanja mwenyewe.

Walipoondoka nikaingia chumbani kwa Zuhura nikalia. Nililia kwa sauti, kama mtoto. Zuhura akanifuta kwa ncha ya khanga yake, akasema, "Basi mama, basi." Mzigo umetoka kifuani, nasikia njaa. Nimekula ugali mara mbili leo.

Jumamosi, 2 Novemba

Tumehama. Vitanda viwili, beseni, sufuria, meza ya vitumbua. Mkokoteni wa ng'ombe wa Masanja, kakataa malipo, kasema anahesabu mizigo yake ya baadaye.

Nilisimama kuangalia katapila likiangusha nyumba ya mjini. Nilidhani nitaumia. Ilianguka mara moja tu, vumbi likapanda, basi. Mwanamke wa jirani alinishika bega anifariji. Nikamwambia twende tukanywe chai. Njiani tukapita barabara mpya, pana, imenyooka, na nikaona pazuri pa kuweka meza yangu soko likiisha.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua ya siku tatu. Barabara ya kwenda hospitali imejaa maji, gari halipiti. Uchungu ulimshika Zuhura jana mchana, ukaja haraka. Mke wa Masanja ndiye aliyefika. Mkono wake umepokea watoto wengi, hakuwa na wasiwasi, akawa ananituma maji ya moto kama mtoto wa nyumbani. Mtoto wa kiume. Mzima. Mama yake mzima. Kazaliwa kwenye chumba cha pembeni.

Leo asubuhi mvua imepungua. Masanja kaja na kibuyu cha maziwa, kasimama mlangoni, hakuingia mpaka nilipomkaribisha. Akamtazama mtoto. Akatazama sakafu, ukuta, tena sakafu.

"Hapa palikuwa pangu," akasema. "Aliyezaliwa hapa ni Msukuma."

Nilikuwa na majibu. Ninayo siku zote. Nikamfunika mtoto kichwa, nikampa Masanja amshike. Akakaa kitako mkekani, akamwita kwa Kisukuma ng'wanawane, mwanangu. Zuhura alikuwa amelala. Nikaenda kuwasha jiko.