Kengele za Bruges na jante yetu ya Ngezi

Shemeji Ezekieli,

Nawasalimu wote hapo Ngezi, na zaidi mama mkwe. Huku Bruges mvua ni nyembamba, hainyeshi kwa nguvu wala haikatiki.

Jana Furaha alinipandisha mnara wa zamani wa kengele. Ngazi zinazunguka, na mkononi unashika kamba tu. Katikati binti yangu akakaa chini akihema.

"Mama, tushuke. Fikiria magoti yako!"

"Yangu yamelima mashamba ya kwetu Boga," nikamwambia. "Yako yamezoea viti."

Tulipofika juu kengele zikalia, na mlio ukaingia mpaka kifuani. Nikajikuta nafunga kitambaa kichwani. Marehemu kaka yako alipogonga ile jante, chuma cha gurudumu la lori, mbele ya kanisa mara ya tatu kuita watu ibadani, ndipo nilipokuwa naepua chungu cha sombe, majani ya muhogo, na kufunga kitambaa. Furaha aliona. Akanishika mkono.

Shemeji, tangu matanga nimeficha nondo yake ya kugongea nyuma ya mlango wangu. Pasta ameiomba mara mbili, nikamwambia asubiri. Niliogopa kusikia mkono wa mtu mwingine. Lakini wagongaji wa kwanza wa huku walikufa zamani sana, na mji bado unasikia kengele zao.

Mpelekee pasta hiyo nondo. Atakayegonga agonge polepole, kama kaka yako.

Mkumbatie mama. Jumapili watakapoanza kugonga, nipigie simu na uisogeze karibu na jante. Kitambaa nitakuwa nimeshafunga.

Wako,
Mama Furaha