Kidonda Nilichoandika "Safi"

Jumapili, 6 Aprili 2025

Babu yuko nyumbani! Leo ni siku ya saba tangu wamwekee bomba ndani ya mshipa mkubwa wa damu, tumboni. Bomba la kitambaa na waya – wamelipitisha kwenye kinena, kulia na kushoto. Mshipa ulikuwa umevimba. Ungepasuka, saa hizi kijiji kizima cha Itiryo kingekuwa hapa kwenye msiba. Asante Mungu.

Karatasi ya hospitali ni Kiingereza, nimewasomea mimi. Homa inaweza kuendelea siku kadhaa, mwili unachemka kwa sababu umeingiziwa kitu kigeni. Inapoa yenyewe. Lakini vidonda viangaliwe kila siku! Vikitoa usaha, au joto likipita 38.5, arudi haraka. Uchafu ukifika kwenye bomba ni hatari ya kufa.

Sasa nani aangalie? Mama ni mkwe, hata chumbani kwa Babu haingii. Baba ni mtoto wake, hawezi kuona uchi wa baba yake. Bibi alishafariki. Mganga wa zahanati? Baba yake ni rika moja na Babu, kwa hiyo kimila naye ni mtoto wake. Babu kakataa katakata.

Wote wakanigeukia mimi.

"Mke wangu si huyu hapa!" Babu akacheka. Mjukuu hana mwiko. Ananitania hivyo tangu niko chekechea. Leo sikucheka.

Kwenye daftari la Babu nimeandika: Joto 37.9. Kidonda: safi.

Sikuangalia. Nilishika shuka, nikasoma kalenda ya kanisa ukutani mpaka tarehe thelathini. Halafu nikatoka.

Jumatatu, 7 Aprili

38.2. Kidonda: safi. (Uongo tena.)

Malaria kapimwa, hana. Mama yuko nje ya dirisha: "Gati, mwambie Babu amalize uji." Babu, kwa sauti ambayo Mama aliisikia vizuri kabisa: "Mwambie mama yako haya ni maji ya kuoshea vibuyu." Nikamwambia Mama anashukuru.

Jirani yetu Mama Nchagwa anasema chuma kinamkataa, mwili wa Mkurya si wa kutiwa waya. Baba kamjibu mbona meno yake ya bandia hayajamkataa. Nilicheka peke yangu jikoni.

Jumanne, 8 Aprili

38.4 asubuhi. Baba akampigia Daktari Irine, yule wa hospitalini, simu ikiwa loudspeaker. Akaniuliza kidonda kikoje. Nikasema safi. Safi vipi? Rangi gani? Ukigusa kuna moto?

Nikasema network mbaya. Nikakata!

Baba alishaanza kutafuta gari la kumrudisha hospitali. Mimi nimesimama pale na simu, naona kabisa: kama kuna usaha, nimempotezea Babu siku mbili. Mimi. Kwa sababu ya aibu.

Nikaingia. Nikamwambia, "Babu, samahani. Leo naangalia kweli."

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unahesabu Jumapili za kalenda. Na mimi nilinyamaza – unadhani mimi sina aibu?" Kisha akageukia ukuta. "Haya fungua, bibi harusi, kabla sijazeeka."

Nikabandua plasta ya kulia, halafu ya kushoto. Vidonda viwili vidogo kama kucha. Vikavu! Pembeni pana weusi kidogo, kama mtu aliyejigonga. Hakuna usaha, hakuna harufu, nimegusa hakuna moto. Nililia hapo hapo. Babu akauliza kwani ni kibaya hivyo?

Nikampigia daktari mwenyewe. Nikaeleza vyote bila kigugumizi – mimi! Akasema basi inaelekea ni mwili tu unalizoea bomba, ila kesho apimwe damu Tarime mjini, tuwe na uhakika.

Jumatano, 9 Aprili

Imeshuka! Ile namba ya damu inayoonyesha mwili unavyochemka ni chini ya nusu ya ile ya hospitali. Daktari kasema hiyo si dalili ya uchafu. Joto 37.5. Mama kapiga vigelegele jikoni, Babu kauliza nani kaolewa. Amekula ugali wa mtama, akaomba mwingine.

Nimelala mchana kama gogo.

Alhamisi, 10 Aprili

36.8!!

Vidonda nimeangalia. Vikavu. Hata sikuona aibu, tulikuwa tunabishana kuhusu ng'ombe.

Ila Daktari Irine katuma meseji: saa nne anapiga, asomewe siku zote tangu Jumapili, joto na kidonda. Anataka kuamua kama picha ya kukagua bomba isubiri mwezi ujao au iwahi. Babu kaninong'oneza: "Zile siku mbili ziache hivyo hivyo. Nimepona, nani atajua?" Na Baba jana kawaambia wageni mtoto wake ni nesi kuliko manesi.

Kwenye daftari la Babu nimekata "safi" ya Jumapili kwa peni. Nimeandika: sikuangalia. Ya Jumatatu pia. Kwa wino, haifutiki.

Simu inaita. Mama kasogea dirishani. Baba kaweka sauti kubwa, ananiita.

"Gati, njoo usome. Anza na Jumapili" –